Kutembezwa Granada

Wanawake wa chama chetu walinitaka nisimame niwaeleze Uhispania. Tulikuwa tumekutana kwangu, juu kidogo ya Othaya, mvua inapiga mabati, chai imeshamiminwa, na mwenyekiti wetu, ambaye hajaniacha nipumzike tangu tulipokuwa wasichana, akasema, "Sasa wewe mtu wa ng'ambo, tuambie. Ati huko hata mbwa iko na koti ya baridi?" Nikasimama. Nikawaambia ndiyo, mbwa wana makoti, na wengine wana viatu. Nikawaambia watu hula chakula cha mchana saa ambayo sisi tunakamua ng'ombe jioni, na maduka hufungwa mchana kweupe ili wenyewe wakalale. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikakaa. Niliyowaambia ni kweli tupu. Yaliyonivunja moyo sikuyasema, kwa sababu ukiyasema kwenye chama leo, kesho utayasikia sokoni Karatina.

Nitayasema hapa.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, sasa nina majani chai na ng'ombe wawili wenye kiburi. Mungu alinipa mtoto mmoja, msichana. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, kwa hiyo mume wangu hakumwita "binti yangu" hata siku moja. Alimwita maitu, yaani mama, kwa heshima yote. Mtoto wa miaka minne anaingia na tope miguuni, na mwanamume mzima anasimama kumpisha kiti. "Maitu amechoka," ananiambia, "mletee maziwa." Mimi nilikuwa namwambia huyo mama yake atakuja kumkalia kichwani. Lakini nilipenda kuwaangalia.

Alipokua akaenda Uhispania kutunza wazee. Vibali vyake vilichukua muda mrefu kutengenezwa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo akakaa. Baba yake akaugua huku yeye yuko kule. Akafa huku yeye yuko kule. Tulimzika hapa shambani, binamu mmoja ameinua simu juu ili maitu aone jeneza likishushwa. Mume wangu alizikwa binti yake hayupo, na kwa hesabu zetu mama yake pia hayupo.

Kabla ya hapo, angali ana nguvu, alizungushia ua kipande cha shamba kule chini karibu na mto, akapanda makadamia. Akasema, "Hiki ni cha maitu. Akirudi ajenge." Na alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani aliniambia nimrudishe mtoto. Hakusema nijaribu, alisema nimrudishe. Basi vibali vya msichana vilipopatikana na akanitumia tiketi nikamtembelee, mimi sikwenda kutalii. Nilikwenda kumrudisha. Nilibeba majani chai, unga wa wimbi, na neno hilo moja.

Alinipokea kwenye uwanja wa ndege akiwa amevaa koti jekundu, amenenepa kidogo, mzuri. Nikamshika uso kwa mikono miwili kama mtu anayenunua tikiti maji. Alikuwa amekodi chumba mjini Granada, akanieleza kwamba bibi mzee anayemtunza anaishi kijijini, huko milimani, na yeye hulala huko huko. "Tutaenda, Mami. Lakini kwanza nikuonyeshe mji."

Nikaonyeshwa mji. Loo, nilionyeshwa! Kila asubuhi nikiwa bado natafuta miwani yeye yuko mlangoni na mwavuli na chupa ya maji. Tulipanda kwenye ile ngome nyekundu waliyoijenga Waislamu walipotawala huko zamani. Kuta zimechongwa maandishi ya Kiarabu kuanzia chini mpaka juu, laini kama kazi ya sindano, hata nikasahau magoti yangu. Kuna ua wenye simba wa mawe waliobeba beseni la maji mgongoni. Simba wenyewe wadogo, wamefanana na mbwa wa jirani yangu, nami nikasema hivyo, binti yangu akaziba mdomo asicheke mbele ya askari. Kilichonishinda ni maji. Yanapita kila mahali, kwenye sakafu, kwenye bustani, na kuna ngazi ambayo ukuta wake wa kushikilia umechimbwa mfereji juu, maji yanateremka kando ya mkono wako unapopanda. Nikatia vidole humo. Nikafikiria sisi na majirani wetu wa juu tunavyogombania mtaro mmoja. Aliyejenga ngazi ile alikuwa na mkulima ndani yake.

"Mami, tusonge, tiketi iko na saa," akasema.

Tulipita vichochoro vya mawe, vyembamba, nyumba nyeupe na vyungu vya maua ukutani. Nikalishwa maandazi marefu kama kamba unayoyachovya kwenye chokoleti nzito kama uji wa mtoto. Tuliingia kanisa kubwa, lenye dhahabu nyingi hata nikaona haya kupiga magoti. Jioni tulikaa kwenye uwanja ulio juu ya mji, vijana wanapiga gitaa, na mbele yetu ile ngome, na nyuma ya ngome milima yenye theluji. Mtu wa kwetu Nyeri akiona theluji juu ya mlima anajua ni asubuhi, ng'ombe anangoja, na mume yuko nje anapiga mswaki huku akiangalia mlima wetu wa Kirinyaga kama umejifunika wingu au la. Nikatafuta mkono wa binti yangu. Akanipa, lakini kwa mkono wa pili alikuwa ananionyesha kitu kingine.

Kila nilipofungua mdomo kusema lile neno langu, palikuwa na kitu cha kuonyeshwa. Nikisema, "Unajua, baba yako…", yeye anasema, "Mami, angalia pale juu, unaona ule mnara?" Nami kwa ujinga wangu naangalia mnara.

Siku moja nilikataa kwenda mbele. Nilikaa kwenye ngazi za kichochoro fulani, nikavua kiatu, nikamtazama akisoma kibao cha historia ili anifafanulie. Ndipo nikajua kilichokuwa kinanisumbua. Kwetu mgeni hutembezwa. Akishakunywa chai, mwenye nyumba huchukua fimbo yake na kusema, "Twende nikuonyeshe," na mgeni anafuata nyuma na viatu vyake vya safari: huyu ndiye ng'ombe aliyezaa juzi, hapa tuling'oa kahawa tukapanda majani chai, pale chini ndipo maji yanapotoka. Kazi ya mgeni ni kusifu. Akiondoka anafungiwa ndizi na kabeji. Lakini mtu wa nyumbani hatembezwi. Mtu wa nyumbani akiingia, kabla hajakaa, anapewa kisu na karai la viazi. Nilipoolewa mama mkwe alinitembeza shamba lote, akanipa chai kwenye kikombe cha maua, akawa mpole kwangu wiki baada ya wiki, nami nikawa nalia chooni kwa upole ule. Halafu siku moja akasema bila kunitazama, "Shika kisu, hivyo viazi havitajimenya." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nilimenya viazi vya kulisha harusi.

Sasa nimekuja kwa mtoto wangu mwenyewe, na ninatembezwa.

Nikavaa kiatu. Nikamwambia, "Nimeona mji. Nipeleke unakolala."

Akakiacha kibao, akasema sawa.

Basi la kwenda milimani lilipita kwenye mashamba ya mizeituni iliyopangwa kwa mistari kama majani chai yetu, ila udongo wake ni mkavu, wa rangi ya biskuti. Mahali fulani barabara ilipanda, akaniambia watu husimulia kwamba mfalme wa mwisho wa ile ngome aliposhindwa vita alisimama hapo, akageuka kuutazama mji wake, akalia, na mama yake akamsema vibaya kwa kulia. Nikasema huyo mama alikuwa na mdomo kama wangu. Binti yangu akacheka, halafu akaacha kucheka, akaegemea dirisha. Mvulana wa watu amenyang'anywa nyumba, niliwaza, na hata kulia anakatazwa. Nilimhurumia, nami sina desturi ya kuhurumia wafalme.

Kijiji kilikuwa kimening'inia kwenye mteremko, nyumba nyeupe zenye mapaa bapa, na mabomba ya moshi yaliyovalishwa kofia. Chini yake matuta ya kilimo yanashuka mpaka bondeni, milozi imechanua maua meupe, na mifereji ya maji inapita kati ya matuta. Ungeninyima miwani ningesema niko Othaya. Nikaanza kupata moyo. Nikajiambia, kumbe alichagua mahali panapofanana na kwao, mtoto huyu anatamani nyumbani.

Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Akatupa mkoba kwenye kiti, akapiga kelele kitu kwa Kihispania, na kutoka jikoni sauti ya bibi ikajibu kwa ukali. Nilishtuka. Binti yangu naye akamjibu kwa ukali ule ule, akaning'iniza koti jekundu kwenye msumari ambao ni wazi ulikuwa wa koti hilo. Bibi akatokea. Mfupi, sweta nyeusi, mjane kama mimi, miguu imevimba. Akanibusu mashavu yote mawili, akanishika mkono akanipeleka kwenye kiti chenye mto, akaupigapiga ule mto. Kaa. Nikakaa. Akamgeukia binti yangu, akasema maneno machache huku haangalii hata upande wake, akamwekea mbele kisu na karai la viazi.

Mungu wangu.

Nikainuka nisaidie. Nilimenya viazi kabla bibi huyu hajajua kuna Afrika! Bibi akaniwekea mkono begani, taratibu, akanirudisha kitini, akaupigapiga mto tena. Binti yangu alikuwa anamenya kwa haraka, ganda jembamba, refu, bila kukatika, kama nilivyomfundisha mimi. Wakawa wanagombana kuhusu chumvi. Mimi nikapewa kikombe chenye maua.

Nilitaka kumchukia yule bibi. Nilijitahidi sana. Baada ya chakula alinitembeza: kuku wake, mlozi uliopandwa na mumewe, chumba cha baridi ambamo mapaja ya nguruwe yananing'inia darini na kwato zake. Nikasifu. Kwenye ukuta wa ukumbini palikuwa na picha za jamaa zake, harusi za zamani, watoto wa ubatizo, na katikati yao mtoto wangu ndani ya koti jekundu, amekumbatiwa na watu nisiowajua, anacheka kwa meno yote. Bibi akanionyesha picha ya marehemu wake. Nikatoa simu nikamwonyesha wangu. Akaibusu ile simu. Utamchukiaje mtu kama huyo?

Jioni nilipanda na binti yangu juu ya paa. Kulikuwa na baridi, akanifunga shali yake. Nikaona nisipouliza sasa nitaondoka na neno langu kama nilivyokuja nalo. Nikamwita kama baba yake alivyokuwa akimwita.

"Maitu," nikasema, "unarudi lini nyumbani? Kile kipande cha chini kinangoja. Makadamia zimeanza kuzaa."



"Mami, sitarudi," akasema. "Nilitaka kukuambia tangu siku ile ya kwanza. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitamwambia. Halafu naona uso yako, naona afadhali nikupeleke mahali."

Kumbe mimi nilikuwa nangoja kuuliza, yeye anangoja kusema, na katikati yetu tukaimaliza Granada yote.

Nilikasirika. Nikamuuliza, ni nini kilicho hapa ambacho hakiko kwetu? Kama ni mlima, tuna mlima. Kama ni viazi, tuna viazi. Nikamuuliza kama amesahau baba yake amelala wapi.

"Sijasahau," akasema. Alikuwa analia sasa, lakini bila sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni ili asichapwe zaidi. "Siku mlimzika nilikuwa hapo chini jikoni. Simu niliiweka kwa ile chupa ya mafuta isimame. Huyu mama alifunga mlango, akakaa karibu na mimi. Hakuelewa hata neno moja, lakini alikaa. Mkiimba, yeye anashika mkono yangu. Simu ikazima kabla hamjamaliza kufukia, na yeye bado amekaa. Kesho yake wamama wa hapa wakaleta supu, wakaleta mkate, wakakaa. Mami, matanga ya baba mimi nilikalia hapa. Kwetu kila mtu alishamaliza kulia. Nikirudi leo, nitalia na nani?"

Ningeweza kusema atalia nami, na ningekuwa nimesema uongo nusu, kwa sababu nilikwisha kulia kwa ajili ya mume wangu na watu wa kilima kizima wakiwa wamenizunguka, wanapika, wananitandikia kitanda, na sikuwaza hata mara moja ni nani aliyekuwa amemzunguka yeye. Nikamvuta kichwa nikakiweka pajani. Tukakaa hivyo mpaka bibi akaita kutoka chini kwa ukali kwamba tutapata homa. Sikuhitaji tafsiri.

Wakati wa kuondoka bibi alinifungia lozi, mafuta ya zeituni, na kipande cha jibini nilichonyang'anywa uwanja wa ndege. Mgeni hafungiwi kidogo. Binti yangu akaniahidi, "Nitakuja Krismasi, Mami. Nitakuja kutembea." Nikamshukuru. Basi liliposhuka tukapita tena pale mfalme alipolia. Niligeuka nikatazama nyuma, na kwa kuwa mama yangu alishakufa, hakuna aliyenikataza.

Alikuja kweli. Krismasi hii iliyopita, na lile koti jekundu mkononi kwa sababu ya jua. Majirani walijaa, mwenyekiti wa chama akaimba hadi akapotewa na sauti. Nilikuwa nimepaka nyumba rangi, nimenunua vikombe vipya. Asubuhi iliyofuata, alipomaliza chai, nilichukua fimbo ya baba yake mlangoni nikasema, "Twende nikuonyeshe."

Nikamwonyesha ndama. Nikamwonyesha mahali tulipong'oa kahawa. Tukashuka hadi kile kipande chake, nikamwonyesha makadamia, akazipiga picha, akasema, "Ni nzuri sana, Mami, zimeshika." Tulipofika kwenye chemchemi akauliza kama ni hapa alikuwa anachota maji akiwa mdogo, nikamwambia ndiyo, ni hapa, lakini siku hizi tuna bomba. Kwenye kaburi la baba yake alisimama muda mrefu. Nilikuwa nimeliwekea vigae, nikaanza kumweleza vigae vilitoka wapi na fundi alichelewaje. Nilijisikia nikieleza. Nikaendelea tu kueleza, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

Tuliporudi, jikoni kulikuwa na karai la viazi vya kuponda mukimo, na kisu juu yake. Nilikuwa nimeviweka hapo mapema kwa makusudi. Tangu nitoke Uhispania nilikuwa nimeipanga siku hiyo: ataingia, sitamtazama, nitamwambia ashike kisu, basi. Aliingia. Akaona viazi, akanyoosha mkono.

Na mimi, sijui shetani gani alinishika, niliona ile blauzi yake nyeupe, na zile kucha safi, na uchovu wa safari kwenye macho yake, nikawahi kisu kabla yake. "Acha, maitu, utachafuka," nikasema. "Wewe kaa upumzike." Na mkono wangu ukaupigapiga mto wa kiti.

Nilingoja akatae. Nilingoja aseme, Mami, leta kisu hapa, wacha mchezo. Alinitazama, akautazama ule mto, nikajua naye pia anakumbuka jiko la yule bibi.

Akasema asante, akakaa. Nikageukia sinki nikaanza kumenya, na vilikuwa viazi vingi.